Mteja Ameona Salio Langu Lote: Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: pesa na taarifa zetu zikiingia kwenye blokucheni, lile daftari la kidijitali la miamala ya sarafu, nani anaziona, na je, kuna njia ya kumthibitishia mtu jambo bila kumwaga kila kitu mezani? Nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaacha. Ile ya mwanafunzi wa Mbeya nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu akiielewa hesabu yake mtu, haya mengine hayamsumbui tena.

Mwalimu, shikamoo. Nina duka la simu na vifaa vyake hapa Mwanza. Wapo wateja wanaonilipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Juzi nilimtumia mmoja anwani ya pochi yangu anilipe dola 60. Alilipa, kisha akaniandikia: "Bosi, kumbe una zaidi ya elfu nane humo, na bado unanibania bei?" Nilishtuka sana. Nilikuwa najua sarafu hizi ni siri. Ameingiaje kwenye akaunti yangu? — Mfanyabiashara, Mwanza

Marahaba, ndugu yangu. Hajaingia popote. Nywila yako iko salama na hela yako haijaguswa. Alichofanya ni kunakili anwani uliyomtumia, hiyo inayoanza na herufi T kama unatumia mtandao wa Tron, akaibandika kwenye tovuti ya kutafutia miamala. Hapo kila mtu duniani anaona salio la anwani hiyo, kila kilichoingia, kila kilichotoka, saa na dakika. Ni sawa na daftari la duka lililobandikwa mlangoni, ila mahali pa jina pameandikwa namba. Wewe ulipomtumia mteja anwani, ulimwambia namba ile ni ya nani.

Blokucheni iliundwa hivyo kwa makusudi. Bitcoin ilipoanza Januari 2009 haikuwa na benki ya kuhakikisha kwamba mtu hatumii sarafu moja mara mbili, kwa hiyo kazi hiyo alipewa kila mtu, na ili kila mtu aweze kukagua ilibidi kila mtu aone. Watu wakachanganya kutokuwa na jina na kuwa na siri. Hayo ni mambo mawili.

Ukitaka kujua kumbukumbu zile zinavyoweza kumfuata mtu, angalia wizi wa soko la sarafu la Bitfinex. Agosti 2016 ziliibwa bitcoin 119,754. Mwizi alizizungusha kwenye maelfu ya miamala midogo akidhani zitapotea njiani. Wachunguzi wa Marekani walizifuata kwa miaka, na Februari 2022 wakamkamata mume na mke jijini New York na kukamata bitcoin zaidi ya 94,000, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 3.6. Mwizi kunaswa hivyo ni jambo jema. Lakini daftari halibagui. Linamwonyesha mwizi na linamwonyesha muuza simu wa Mwanza vilevile.

Tena si suala la kubaniana bei tu. Januari 2025 mmoja wa waanzilishi wa Ledger, kampuni inayotengeneza pochi za sarafu za kidijitali, David Balland, alitekwa nyara nchini Ufaransa, na watekaji walimkata kidole wakidai walipwe kwa sarafu za kidijitali. Mtu kujua una kiasi gani ni hatari ya mwili.

Cha kufanya leo: fungua anwani nyingine ya kupokelea wateja, na ile yenye akiba usimpe mtu yeyote. Lakini ukihamisha pesa moja kwa moja kutoka anwani ya wateja kwenda ya akiba, umeziunganisha kwa uzi ambao mteja yuleyule anaweza kuufuata. Wengine hupitisha kwenye soko la sarafu. Hapo mteja haoni kinachoendelea, ila soko linakujua kwa jina na kitambulisho. Na usibandike msimbo wa QR wa anwani hiyo ukutani dukani. Mwisho, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Lijue hilo unapoamua kuweka dola elfu nane mahali pamoja.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni. Kila nikisoma habari za faragha kwenye blokucheni nakutana na sentensi ileile: unaweza kuthibitisha kwamba unajua siri bila kuitoa siri yenyewe. Wanaiandika kama muujiza, kisha wanapita. Naomba unionyeshe kwa namba. — Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali ninalolipenda, na umeuliza inavyotakiwa: kwa namba. Chukua karatasi.

Wazo lilianza mwaka 1985, katika makala ya Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff. Walijiuliza: uthibitisho mmoja unamwachia anayeukagua maarifa kiasi gani? Wakaonyesha kwamba kuna mambo ambayo jibu lake ni sifuri. Mkaguzi anaondoka akiwa na uhakika kwamba dai ni kweli, na hana kingine chochote. Njia nitakayokuonyesha ni ya Claus Schnorr, ya mwaka 1989. Ni fupi, na ukiielewa umeelewa kiini.

Tunafanya hesabu za mabaki. Namba yetu tasa ni 23: kila tukipata jibu, tunaligawanya kwa 23 na kushika baki tu. Kizio, yaani namba tutakayoipandisha, ni 2. Ukipandisha 2 kwa kipeo cha 11, yaani ukizidisha 2 kumi na moja pamoja, unapata 2,048, na ukigawanya kwa 23 baki ni 1. Maana yake vipeo vinajirudia kila baada ya 11, kwa hiyo kwenye vipeo tunapunguza kwa 11.

Siri yako ni 7. Unakokotoa 2 kwa kipeo cha 7, ni 128, toa 115, baki 13. Hiyo 13 unaitangaza kwa kila mtu. Dai lako ni hili: "Naijua namba ambayo 2 ikipandishwa kwayo inaacha 13." Kwa namba hizi ndogo, yeyote anaweza kujaribu vipeo vyote 11 akaipata. Katika matumizi halisi siri ina tarakimu zipatazo 77, na hakuna kompyuta ya leo inayoweza kujaribu zote.

Sasa mimi ni mkaguzi. Unachagua namba ya bahati nasibu ambayo hutaitumia tena, tuseme 5. Unakokotoa 2 kwa kipeo cha 5, ni 32, baki 9. Unanitumia 9. Hiyo 5 unabaki nayo.

Nikishaipokea 9, nakutumia changamoto niliyoichagua mimi: 3.

Unazidisha changamoto kwa siri yako na kuongeza ile 5: 3 mara 7 ni 21, jumlisha 5 ni 26. Punguza kwa 11 mara mbili, inabaki 4. Unanitumia 4.

Nakagua. Upande mmoja, 2 kwa kipeo cha 4 ni 16. Upande wa pili, nachukua ile 9 yako na kuizidisha kwa 13 iliyopandishwa kwa changamoto yangu, 3. Sasa 13 kwa kipeo cha 3 ni 2,197, na baki lake ni 12. Kisha 9 mara 12 ni 108, baki 16. Pande zote 16. Nimeridhika, na 7 hujaitamka.

Usikubali haraka. Jiulize maswali mawili. Kwanza, je, mtu asiyeijua 7 angeweza kunidanganya? Angeweza kama angejua mapema kwamba nitauliza 3, kwa sababu angeanza na jibu na kurudi nyuma. Jaribu: achague jibu 6. Ukipandisha 2 kwa 6 unapata 64, baki 18. Anahitaji namba ambayo ikizidishwa kwa 12 inaacha 18. Namba hiyo ni 13, maana 13 mara 12 ni 156, toa 138, baki 18. Kwa hiyo mazungumzo ya "13, changamoto 3, jibu 6" yanapita ukaguzi bila doa, na aliyeyatunga hajui siri. Kinachomzuia ni mpangilio: anitumie namba ya kwanza kabla sijatoa changamoto. Hapa changamoto ziko 11, angebahatisha mara moja kati ya 11. Zikiwa na tarakimu 77, hawezi kubahatisha.

Swali la pili: mimi nimejifunza nini kuhusu 7? Jibu liko kwenye jaribio hilohilo, na hapa ndipo naona uzuri wa kazi ya watu wale. Kama mimi mwenyewe, nisiyejua siri, naweza kukaa peke yangu chumbani na kutunga mazungumzo yanayofanana kabisa na tuliyoyafanya mimi na wewe, basi mazungumzo yale hayakunipa kitu ambacho sikuweza kujipa. Siwezi hata kuyapeleka kwa mtu wa tatu yawe ushahidi, maana atasema nimeyatunga. Uhakika nilioupata ulitokana na kuwepo pale na kuuliza 3 baada ya kupokea 9.

Kuna hatari moja lazima niitaje, kwa sababu imewagharimu watu fedha. Ile 5 ya bahati nasibu isirudiwe kamwe. Tuseme kesho unaitumia tena, nami nikuulize 2. Utajibu 2 mara 7 ni 14, jumlisha 5 ni 19, toa 11 ni 8. Sasa nina majibu mawili, 4 na 8. Natoa: 4 toa 8 ni hasi 4, ongeza 11 ni 7. Tofauti ya changamoto ni 3 toa 2, yaani 1. Nagawanya 7 kwa 1. Siri yako ninayo mkononi.

Kosa la aina hiyo ndilo lililoufichua ufunguo wa siri wa Sony kwa mashine za PlayStation 3: Desemba 2010, katika mkutano wa wadukuzi jijini Berlin, ilionyeshwa kwamba sahihi zake za kidijitali zilitumia namba ileile badala ya namba mpya kila mara. Na Agosti 2013 watumiaji wa pochi za Bitcoin kwenye simu za Android waliambiwa wabadilishe funguo zao, kwa sababu mfumo wa simu ulikuwa unatoa namba za bahati nasibu zilizo dhaifu. Hesabu ilikuwa sahihi kotekote. Bahati nasibu ndiyo haikuwa bahati nasibu.

Utauliza: kwenye blokucheni nani anakaa akitoa changamoto? Hakuna. Amos Fiat na Adi Shamir walilitatua hilo mwaka 1986. Changamoto inazalishwa na fomula ya heshi, inayochukua namba yako ya kwanza pamoja na ujumbe wenyewe na kutoa matokeo usiyoweza kuyatabiri wala kuyachagua. Basi unaandika uthibitisho mara moja na dunia nzima inaukagua wakati wowote. Schnorr anathibitisha jambo dogo, kwamba unajua kipeo. Zilizokuja baadaye zinathibitisha programu nzima: "nimefanya hesabu hii ndefu, kwa data ambayo sikuonyeshi, na jibu ni hili." Rudia hesabu yangu kwa siri nyingine, tuseme 9, kabla hujaenda huko.

Mwalimu, salaam aleikum. Kijana wangu anasifia sarafu ya Zcash, anasema haionyeshi mtumaji, mpokeaji wala kiasi. Mimi nikamwambia asiye na la kuficha hafichi, hiyo ni pesa ya wezi. Tumebishana tangu magharibi. Tuamulie. — Baba, Mombasa

Waaleikum salaam. Nitaamua, lakini hamtapenda wote wawili.

Zcash ilianza Oktoba 2016. Mtu akituma kwa anwani zilizofichwa, kinachoandikwa hadharani ni uthibitisho mdogo unaosema mambo manne: sarafu ninayotumia ipo kweli kwenye daftari, mimi ndiye mwenye haki nayo, haijatumika, na kilichoingia ni sawa na kilichotoka. Ni sarafu ipi, ya nani na kiasi gani, havionekani. Ili isitumike mara mbili, kila sarafu ikitumika inaacha alama ya pekee. Alama hiyo ikijitokeza tena muamala unakataliwa, na alama hiyohiyo haimwelekezi mtu kwenye sarafu iliyoizaa. Ni kazi ya wahandisi waungwana, na imezidi kuboreshwa. Mwanzoni kutengeneza uthibitisho mmoja kulihitaji kumbukumbu ya kompyuta ya zaidi ya gigabaiti 3 na makumi ya sekunde. Baada ya maboresho ya Oktoba 2018 ikawa takriban megabaiti 40 na sekunde chache, ndipo simu ikaweza.

Sasa kwako, baba. Mshahara wako unaujua wewe na mwajiri wako. Mahari uliyotoa inajulikana na familia mbili. Ukienda duka la dawa hutaki foleni nzima ijue umenunua nini. Yote hayo unayaficha na wewe si mwizi. Tena Zcash ina ufunguo wa kutazamia: mwenye akaunti anaweza kumpa mkaguzi wa hesabu au mtu wa kodi aone miamala yake, bila kumpa uwezo wa kutumia hata senti. Ndiyo siri ninayoitaka mimi, ya mtu kuchagua nani aone.

Na kwa kijana. Asidhani kuficha hakuna gharama. Machi 2018 mtaalamu wa kampuni iliyoijenga Zcash, Ariel Gabizon, aligundua kasoro ambayo ingemruhusu mtu kutengeneza sarafu bandia bila kikomo. Ilirekebishwa kimyakimya Oktoba mwaka huo na kutangazwa Februari 2019. Kampuni ilisema haikuona dalili kwamba kuna aliyeitumia. Lakini fikiria: kwenye Bitcoin sarafu bandia ingeonekana na yeyote anayejumlisha. Pale palipofichwa viasi, jumla haionekani kwa macho. Tunategemea hesabu peke yake, na hesabu huandikwa na watu. Jambo lingine: vigezo vya mwanzo vya mfumo vilitengenezwa mwaka 2016 na watu sita waliokuwa sehemu tofauti, kila mmoja akitakiwa kuharibu kipande chake cha siri. Wote sita wangeshirikiana na kuvihifadhi, wangeweza kuchapisha sarafu. Edward Snowden, yule aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani, alikuja kusema mwaka 2022 kwamba alikuwa mmoja wao. Mei mwaka huohuo, maboresho yaliyofuata yakaondoa haja ya shughuli hiyo kwa anwani za aina mpya.

Kuhusu wezi, wapo. Tornado Cash ni programu ya kwenye blokucheni ya Ethereum inayotumia uthibitisho wa aina hii kukata uzi kati ya aliyeweka na anayetoa. Agosti 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea vikwazo, ikisema kundi la wadukuzi la Lazarus la Korea Kaskazini lilisafisha humo zaidi ya dola milioni 455. Mtengenezaji wake mmoja, Alexey Pertsev, alihukumiwa Uholanzi Mei 2024 kifungo cha miaka 5 na miezi 4. Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema wizara ilivuka mamlaka yake, kwa kuwa programu isiyomilikiwa na mtu si mali ya kuwekewa vikwazo vya namna ile, na Machi 2025 vikwazo vikaondolewa. Mwingine, Roman Storm, alipatikana na hatia ya shtaka moja Agosti 2025, na mengine baraza la mahakama likashindwa kukubaliana.

Uamuzi wangu: mzee, ondoa neno wezi. Kijana, weka humo kile tu ambacho kikipotea familia haitalala njaa. Na nyote mjue kwamba masoko mengi ya sarafu hukataa au hubana sarafu za aina hii, kwa hiyo kuingia ni rahisi kuliko kutoka.

Mwalimu, niaje. Mwaka wa 2023 nilipiga laini pale KICC, nikaangaliwa macho na ile mashine ya mviringo ya Worldcoin, nikapewa sarafu 25. Jamaa mmoja wa kompyuta ananiambia nisijali, kila kitu kinalindwa na huo uthibitisho usiofichua siri. Ni ukweli? — Msomaji, Nairobi

Salama. Jamaa yako amesema ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

Nusu aliyosema: baada ya kusajiliwa, simu yako ina namba ya siri, na alama ya namba hiyo imewekwa kwenye orodha kubwa ya waliosajiliwa. Ukitaka kuonyesha kwenye programu fulani kwamba wewe ni binadamu mmoja halisi, simu inatengeneza uthibitisho kwamba umo kwenye orodha, bila kusema uko nafasi ya ngapi. Programu hiyo haiwezi kuulinganisha na uliofanya kwenye programu nyingine. Hesabu hiyo ni nzuri na ninaiamini.

Nusu aliyoacha: kabla ya yote hayo kuna kamera iliyokupiga picha ya mboni, ikageuza mchoro wa jicho kuwa msimbo, ili ulinganishwe na wengine usijisajili mara mbili. Uthibitisho hauhusiki na hatua hiyo. Hapo unategemea mashine, kampuni na neno lao. Nywila ikivuja unabadilisha. Jicho utabadilisha na lipi?

Ndiyo maana serikali yenu ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti 2023, siku chache baada ya foleni zile za watu wanaofuata sarafu zenye thamani ya shilingi kama 7,000. Na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru data za kibayometriki zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mahakama haikugusa hesabu kabisa. Ilisema tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikufanyika ipasavyo, na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumpa mtu sarafu si ridhaa huru. Andika barua kwa Kamishna, ueleze ulisajiliwa lini na wapi, uulize kama data zako zimo katika zilizofutwa. Una haki ya kujibiwa.

Mwalimu, kuna kundi la Telegram wanauza sarafu mpya, wanasema ni ya teknolojia ya ZK kwa hiyo haiwezi kudukuliwa na itapanda mara mia. Niingie? — Msomaji, Dodoma

Usiingie. ZK ni kifupi cha Kiingereza cha uthibitisho huuhuu usiofichua siri, nao unaonyesha kwamba hesabu imefanywa sawasawa. Hauonyeshi kwamba muuzaji ni mwaminifu, wala kwamba kuna mtu atakayenunua kwako kesho. Waulize mambo mawili: msimbo wa programu yao umewekwa wapi hadharani, na nani wa nje ameukagua. Wakikutoa kwenye kundi kwa kuuliza, umejibiwa.

Shikamoo Mwalimu. Napokea wageni kwenye gesti hapa Arusha. Kila mgeni tunatoa nakala ya kitambulisho chake, na kabati limejaa nakala za miaka. Fundi wa intaneti amesema iko siku simu ya mgeni itathibitisha tu kwamba ni mtu mzima, bila nakala. Inawezekana? Tutahitaji blokucheni? — Mhudumu, Arusha

Marahaba, mdogo wangu. Inawezekana, na blokucheni haihitajiki.

Inavyokwenda: mamlaka inayotoa vitambulisho inaweka kwenye simu ya mtu taarifa zake zikiwa na sahihi ya kidijitali. Wewe unauliza, "Umetimiza miaka 18?" Simu inatengeneza uthibitisho kwamba inayo tarehe ya kuzaliwa iliyosainiwa na mamlaka, na kwamba tarehe hiyo ni ya miaka 18 iliyopita au zaidi. Unachoona ni ndiyo. Tarehe, namba ya kitambulisho na sahihi yenyewe huvioni, kwa hiyo huna cha kupoteza. Google ilianza kuweka njia hii kwenye pochi yake ya simu mwaka 2025 na kuutoa msimbo wake hadharani. Umoja wa Ulaya umezitaka nchi wanachama ziwape raia pochi za utambulisho za kidijitali ifikapo mwisho wa 2026, na mjadala wa kutumia uthibitisho wa namna hii humo ni mkubwa.

Sitakuficha kwamba hata siku hiyo ikifika, jina bado utaliandika, kwa kuwa kitabu cha wageni hukaguliwa na polisi. Lakini angalia kitabu chenyewe kinavyokaa hapo mapokezi: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya simu, na mgeni wa leo anaandika mstari ulio chini ya mgeni wa jana. Binti aliyelala peke yake chumba namba nne, anayepokea funguo baada yake anasoma jina na simu yake. Nimeona hivyo gesti nyingi, na kila mara naumia. Mtu ametoa namba ili apate kitanda, si ili apigiwe usiku na mpangaji wa chumba cha jirani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zichukuliwe kwa kusudi linalojulikana na zisikae kupita muda unaohitajika. Muulize bosi wako kila nakala iliyomo kabatini inatunzwa kwa agizo gani. Zisizo na agizo zichanwe vipande na kuchomwa, zisiende kwa muuza maandazi kufungia. Zitakazobaki zifungwe kwa kufuli. Na kuanzia leo jioni, mgeni akija, chukua kitabu ukiandike mwenyewe akiwa mbele yako, au ufunike mistari ya juu kwa karatasi ngumu kabla hujampa kalamu.